Kuzunguka Ukuta Kabla ya Kujenga: Chuo Kikuu Kilichowauliza Wanyonge





Nehemia alipofika Yerusalemu akiwa na nia ya kuujenga upya ukuta uliobomoka, hakuanza kwa kupiga mbiu. Maandiko yanatueleza kwamba aliondoka usiku, yeye na watu wachache, akauzunguka mji, akatazama mahali ukuta ulipoanguka na malango yalipoteketea kwa moto, wala wakuu wa mji hawakujua alikokwenda. Baada ya kujionea mwenyewe ndipo alipowaita watu na kuwaambia, tujenge. Sisi tulio katika harakati za mageuzi tunaipenda mno sehemu ya pili ya habari hiyo, ile ya kuwaita watu. Sehemu ya kwanza, ya kuzunguka na kupima, mara nyingi tunairuka. Leo tunaomba ruhusa yenu tuizungumzie sehemu hiyo ya kwanza, na tunaomba tuifanye kwa kuutazama mfano wa mbali, katika nchi ndogo ya El Salvador, Amerika ya Kati, ambako chuo kikuu kimoja kiliamua kuuzunguka ukuta wa taifa lake usiku wa vita.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Amerika ya Kati cha José Simeón Cañas, kinachofahamika kwa kifupi kama UCA. Kilianzishwa mwaka 1965 pembezoni mwa jiji la San Salvador, chini ya mapadre wa shirika la Wajesuiti. Cañas ambaye chuo kimepewa jina lake alikuwa padre, na mwaka 1823 alisimama katika bunge la Amerika ya Kati akadai watumwa wote waachwe huru. Lakini tusidanganyike na jina. Wengi waliotoa fedha za kukianzisha chuo walikuwa matajiri waliotaka watoto wao wasomeshwe mbali na chuo cha serikali, ambacho waliona kimejaa siasa za mrengo wa kushoto. Walitaka wahandisi na mameneja. Walichokipata baadaye hawakukitarajia.

Nchi yenyewe ilikuwa hivi. Ardhi nzuri ya kahawa, pamba na miwa ilikuwa mikononi mwa familia chache. Wakulima wengi hawakuwa na shamba la kutosha hata kulima mahindi ya kula. Jeshi lilishika serikali kwa miongo mingi, na uchaguzi ulipofanyika, matokeo yalijulikana kabla ya kura kuhesabiwa. Mwaka 1980 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapamba moto, vikadumu hadi mwaka 1992, vikaua watu wapatao 75,000. Mwanzoni kabisa mwa vita hivyo, tarehe 24 Machi 1980, Askofu Mkuu Oscar Romero alipigwa risasi altareni akiadhimisha misa.

Katika nchi ya namna hiyo, chuo kikuu kifanye nini? Hilo ndilo swali walilojiuliza walimu wa UCA, na hasa Padre Ignacio Ellacuría, mwanafalsafa aliyekuwa mkuu wa chuo kuanzia mwaka 1979. Jibu lao lilikuwa kwamba chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuirudishia jamii maarifa ambayo jamii hiyo inayahitaji ili ibadilike. Kazi hii ya tatu waliipa uzito wa kuziongoza hizo mbili nyingine. Kwa maneno mengine, mada ya utafiti isichaguliwe kwa sababu inampendeza profesa au inamletea cheo. Ichaguliwe kwa sababu umma unateseka nayo. Na wanapozungumza juu ya umma, walimaanisha walio wengi, yaani wakulima wasio na ardhi, wakimbizi, wafanyakazi wa mashamba, na akina mama wa vibanda vya mijini.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuja mwaka 1976. Rais wa wakati huo, Kanali Arturo Molina, alitangaza mpango wa kugawa sehemu ya ardhi kwa wakulima. Wataalamu wa UCA waliuchambua mpango huo na kuuunga mkono, ingawa ulikuwa mdogo. Wenye mashamba wakapiga kelele, na baada ya miezi michache Rais akarudi nyuma. Jarida la chuo likachapisha tahariri kali ikieleza kwamba serikali imesalimu amri mbele ya mtaji. Mabomu yakaanza kulipuka chuoni. Tuliangalie jambo hili kwa makini, ndugu zetu. Chuo hakikutupiwa mabomu kwa kubeba bunduki. Kilitupiwa mabomu kwa sababu kilijua idadi ya hekta, majina ya mazao na hesabu ya mishahara, kikazichapisha.

Kuanzia hapo chuo kilijenga, hatua kwa hatua, vituo vya utafiti vya kuihudumia jamii. Tutavitaja vitatu.

Cha kwanza ni kituo cha kuweka kumbukumbu na habari. Kazi yake ilikuwa ya subira: kukusanya magazeti, matangazo ya redio, hotuba za viongozi, taarifa za jeshi na za wapiganaji, kisha kuzilinganisha. Kila juma kilitoa kijarida kinachoeleza mambo yaliyotokea. Mtu anaweza kuidharau kazi hiyo akasema ni ya makarani. Lakini katika nchi ambako serikali husema leo hili na kesho lile, anayetunza maneno ya jana ana silaha ambayo mwongo anaiogopa. Njia ya mwongo ni fupi pale tu ambapo kuna mtu aliyeipima.

Cha pili ni taasisi ya haki za binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Padre Segundo Montes, mwanasosholojia. Vita vilikuwa vimewang'oa makwao zaidi ya watu milioni 1 katika taifa la watu wapatao milioni 5. Montes hakubaki ofisini akikadiria. Alikwenda katika makambi ya waliohamishwa ndani ya nchi, akawafuata waliokimbilia Honduras na waliojificha katika miji ya Marekani, akawauliza walitoka wapi, walikimbia nini, wanaishi vipi, na wanatuma nini nyumbani. Alionyesha kwamba fedha wanazotuma hao watu waliodharauliwa zilikuwa nguzo kubwa ya uchumi wa El Salvador. Utafiti huo ukatumiwa na waliokuwa wakidai Wasalvador walioko Marekani wasirudishwe kwa nguvu kwenye vita, na mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowapa kinga ya muda. Montes hakuishi kuiona.

Cha tatu ni taasisi ya maoni ya umma. Ilianzishwa mwaka 1986 na Padre Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwisho wa juma alikuwa padre wa parokia ya mashambani huko Jayaque. Tungependa kukaa kidogo juu ya taasisi hii, kwa kuwa inatugusa sisi moja kwa moja.

Martín-Baró aliona kwamba vita vya nchi yake vilipiganwa pia kwa maneno. Serikali ilisema, "Wananchi wanataka hivi." Waasi nao walisema, "Wananchi wanataka vile." Balozi za kigeni zilisema lao. Wananchi wenyewe hawakuulizwa. Walisikia redioni maoni yanayoitwa yao, kila mmoja akadhani pengine jirani yake ndivyo anavyofikiri na ni yeye peke yake aliye na mawazo tofauti. Ndiyo maana alilinganisha kura ya maoni na kioo. Mtu aliyenyimwa kioo miaka mingi hukubali sura anayoambiwa kuwa ni yake. Mpe kioo, naye ataona uso wake mwenyewe, na atajua kwamba hayuko peke yake.

Kioo hicho kina kanuni. Nyumba za kuulizwa hazichaguliwi kwa urafiki wala kwa chama, bali huchaguliwa kwa bahati, ili tajiri na maskini, mjini na shamba, wawe na nafasi inayolingana na idadi yao. Swali lisiwe na jibu ndani yake. Jina la anayejibu lisiandikwe. Na matokeo yachapishwe yote, pamoja na idadi ya walioulizwa na namna walivyopatikana, ili mwenye shaka ahakiki. Mahali penye hofu kuna kanuni moja zaidi, nayo ni kuihesabu hofu yenyewe. Anayekataa kujibu naye ametoa jibu. Anayesema "sijui" huku akitazama mlangoni amesema mengi.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Tunaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, ambapo mpiga kura alitakiwa kusimama mstarini nyuma ya wakala wa mgombea, mchana kweupe, mbele ya chifu na mwajiri wake, na bado mstari mrefu ukatangazwa kuwa mfupi. Wale waliosimama pale walihesabiwa, lakini hawakuulizwa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumhesabu mtu na kumuuliza, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi ya Martín-Baró.

Kioo kilionyesha nini? Kura za maoni za taasisi hiyo zilionyesha kwamba wananchi wengi walitaka vita vimalizwe kwa mazungumzo. Kwa majenerali waliokuwa wakiahidi ushindi wa bunduki, na kwa wafadhili wao wa Marekani, hilo lilikuwa jambo la kuudhi. Lilifuta hoja yao kubwa, kwamba jeshi linapigana kwa niaba ya umma. Padre Ellacuría naye alikuwa akizunguka kati ya pande mbili akihimiza mazungumzo hayo hayo, na sasa alikuwa na takwimu mkononi.

Ndugu zetu, maarifa ya namna hiyo yana gharama. Tarehe 11 Novemba 1989 wapiganaji wa FMLN walianza mashambulizi makubwa ndani ya jiji la San Salvador. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba, askari wa kikosi cha Atlacatl, kikosi kilichopewa mafunzo na Marekani, waliingia katika nyumba ya mapadre ndani ya chuo. Wakawaua sita: Ignacio Ellacuría, Ignacio Martín-Baró, Segundo Montes, Amando López, Juan Ramón Moreno na Joaquín López y López. Wakamuua pia mpishi, mama Elba Ramos, na binti yake Celina, waliokuwa wameomba hifadhi humo kwa kuogopa mapigano ya mitaani. Askari wakachoma na kuharibu nyaraka na vifaa vya ofisi, kisha wakaacha bango la kuwasingizia waasi. Mume wa Elba, mtunza bustani, alipanda mawaridi mahali miili ilipolala. Mawaridi hayo yanatunzwa hadi leo.

Tunawataja Elba na Celina kwa makusudi. Kila mwaka mapadre hutajwa kwanza, na ni haki yao. Lakini utafiti wote ule ulifanywa kwa ajili ya watu kama Elba: mwanamke wa kazi, asiye na shamba, asiyeandikwa magazetini. Ukatili ulipofika, haukubagua kati ya aliyeandika na aliyeandikwa habari zake.

Tarehe hiyo hiyo ya 16 Novemba, miaka miwili baadaye, mwaka 1991, polisi walikuwa wakiwatawanya Wakenya waliojaribu kukusanyika Kamukunji. Hatudai kwamba mateso yetu yalilingana na ya El Salvador. Tunasema tu kwamba kila utawala unaodai kuujua moyo wa mwananchi huanza kutetemeka mwananchi anapotaka kuufungua moyo huo mwenyewe.

Je, wauaji walifaulu? Mwezi Januari 1992 mkataba wa amani ulitiwa sahihi huko Chapultepec, Mexico, kwa njia ile ile ya mazungumzo ambayo wananchi walikuwa wameitaja walipoulizwa. Mwaka 1993 Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 22,000. Katika asilimia 85 ya malalamiko hayo, mashahidi waliwataja maafisa wa dola, wasaidizi wao na vikosi vya mauaji. Waasi walitajwa katika asilimia 5 hivi. Tume ilieleza pia kwamba amri ya kumuua Ellacuría bila kuacha shahidi ilitoka kwa Kanali René Emilio Ponce, mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Siku chache baadaye, bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya msamaha kwa wote. Haki ikalala, lakini haikufa. Mwaka 2016 mahakama ya El Salvador iliifuta sheria hiyo, na mwaka 2020 mahakama ya Madrid, Uhispania, ilimhukumu Kanali mstaafu Inocente Orlando Montano kifungo cha miaka 133 kwa mauaji ya wale mapadre watano waliozaliwa Uhispania. Nao wakimbizi waliorudi kutoka Honduras walijenga makazi yao mapya huko Morazán, wakayapa jina la Segundo Montes. Mtafiti aliyekwenda kuwauliza habari zao aliachiwa nafasi katika ramani yao.

Taasisi ya maoni ya umma nayo haikufungwa. Amani ilipoleta balaa jipya la magenge ya vijana, mwaka 1996 ilifanya utafiti juu yao, na waliokwenda kuwahoji vijana hao zaidi ya 1,000 walikuwa vijana wa magenge wenyewe, waliofunzwa kazi hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliolala kitandani ndio walioitwa kuhesabu.

Hapa lazima tuseme jambo gumu, kwa maana hatukuja kuwaimbia sifa tu. Kioo cha kweli humwonyesha mtu hata asichopenda kukiona. Mwezi Machi 2022 serikali ya Rais Nayib Bukele ilitangaza hali ya hatari ili kupambana na magenge, na makumi ya maelfu ya watu wakakamatwa, wengi bila kufikishwa mahakamani kwa njia ya kawaida. Watetezi wa haki walilalamika, na chuo cha UCA kikiwa miongoni mwao. Lakini taasisi ya chuo hicho hicho ilipowauliza wananchi, wengi walisema wanamuunga mkono Rais na kwamba wanajisikia salama zaidi kuliko zamani. Ingekuwa rahisi kuyaficha majibu hayo. Yalichapishwa. Na pamoja nayo yalichapishwa majibu mengine, ya hofu ya watu kusema wazi wanayofikiri.

Tunaomba mlitafakari hilo. Mwanaharakati anayechapisha takwimu zinazomfurahisha peke yake amekuwa redio ya serikali, ila masafa tu ndiyo tofauti. Ikiwa mwananchi amechoka na wezi hata yuko tayari kuuza haki ya jirani yake, ni afadhali tujue leo, tukae naye, tumsikilize, tujadiliane, kuliko kumhutubia kana kwamba yuko upande wetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya maprofesa. Wengine watasema kwamba chuo kikuu hakipaswi kujiingiza katika siasa. Kwa hao wa pili tunajibu hivi: chuo kinachokaa kimya mbele ya njaa kimekwisha kuingia katika siasa, kwa mlango wa nyuma. Sisi wenyewe tunakumbuka kwamba mwaka 1982 wahadhiri wetu walitiwa kizuizini kwa sababu ya fikra zao, na darasa likajifunza kunong'ona. Kwa hao wa kwanza tunasema kwamba Montes alianza na daftari na miguu. Parokia ina jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila juma. Usharika una akina mama wanaojua kila nyumba. Ni nani anayejua vizuri zaidi ni kaya ngapi hazina maji, ni watoto wangapi wamerudishwa nyumbani kwa karo, ni nani aliyefukuzwa katika shamba lake na kwa hati gani?

Basi tunawaachia maombi matatu. Kwanza, tuulize kabla ya kuhutubia, na tuulize kwa njia ambayo haimtii hatarini anayejibu. Jina lake si letu kulitangaza. Pili, tuandike na kutunza, tarehe kwa tarehe, kwa mkono unaosomeka, kwa kuwa Tume ya Ukweli isingekuwa na la kusoma kama hapangekuwa na walioandika. Tatu, tuwarudishie watu walichotuambia. Ripoti inayokaa kabatini kwa mfadhili, hata ikiwa na jalada zuri, imewaibia waliotoa maneno yake. Isomwe chini ya mti ule ule maswali yalipoulizwa, na wenyewe waseme, "Hapa mmekosea, hapa mmepata."

Nehemia aliuzunguka ukuta usiku. Walimu wa UCA waliuzunguka wao, na hawakurudi. Kazi ya kupima ilibaki, ikashikwa na wengine. Tukitoka hapa, kila mmoja wetu atapita kando ya sehemu fulani ya ukuta wetu uliobomoka. Tusipite tu. Tusimame, tuhesabu mawe, tumuulize anayeishi hapo.

Mungu awabariki nyote, na haki iwe ngao yetu na mlinzi.